Bushi ya Gari la Wanzala

Kata iligonga ukingo wa mtungi kabla hakujapambazuka. Nilijua ni mjukuu wangu Gentrix, anamchotea baba yake maji ya kunawa. Mama yake, binti yangu Sellah, alikuwa akichota hivyo hivyo gizani, bila kuwasha taa. Nilibaki kitandani nikisikiliza mpaka kata iliporudishwa mahali pake.

Baba yake, Wanzala, alikuwa amelala ndani ya gari uani. Kwetu mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe, wala hatupeani mikono. Hata maneno hupitia kwa mtoto. Walikuja kuniaga, maana Wanzala alikuwa amepata kazi Eldoret, na kwenye barabara ya murram ya Navakholo gari likaanza kugonga chini. Bushi ya gurudumu la mbele, ule mpira unaokaa katikati ili vyuma visisagane, ilikuwa imekwisha.

Moyoni nilifurahi kwamba hawataondoka upesi. Niliogopa kwamba sasa Sellah hayupo, wakishahama, njia ya kwangu itaota nyasi na mtoto atanisahau.

Asubuhi nilimtuma Gentrix amwulize baba yake kwa nini asimwite Were, fundi wa pale njia panda. Jibu likarudi kwamba baba hataki fundi. Sikuuliza tena. Sellah alipozidiwa, gari hilo lilikuwa limefunguliwa kwa fundi mmoja mjini, likingoja kipuri. Walimpeleka hospitali kwa baiskeli, na hakufika akiwa hai. Baada ya mazishi Wanzala alinunua spana zake mwenyewe.

Aligonga nyundo mpaka jua likawa kali. Bushi kuukuu ilitoka vipande vipande. Mpya aliyokuwa nayo garini ikakataa kuingia. Kila alipotaka spana niliiweka kwenye ungo, nikautua karibu na gurudumu na kurudi nyuma, ndipo mkono wake ukatokea chini ya gari kuichukua. Mara ya mwisho mkono ulikuwa na damu.

Kisha nyundo ikanyamaza. Gentrix aliinama kuchungulia.

"Kukhu," aliniambia, "baba analia."

Nilijifunga leso nikaenda njia panda mwenyewe. Njiani tukirudi nilimweleza Were yote. Alipofika alijilaza chini upande wa pili wa gurudumu, kama mtu aliyekaribishwa mkekani.

"Ndugu yangu, hii ni kazi ya watu wawili," alisema. "Hata mimi peke yangu inanishindanga."

Alikuwa na chuma chake cha kubania. Mmoja alishika, mwingine akazungusha, na bushi ikaingia taratibu. Waliposhusha gari, Were alifuta mikono akampa Wanzala spana.

"Nati ya mwisho hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Kaza wewe. Ni gari lako."

Angeweza kuikaza mwenyewe. Wema huo bado ninao moyoni.

Walikula obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, kivulini mwa gari. Were akaenda zake. Gentrix alikuwa amesinzia, nikamlaza kwenye kiti cha gari na kumfunika leso yangu. Wanzala alisimama kando ya mlango, akimtazama mtoto kana kwamba anangoja aamke atubebee maneno. Mtoto hakuamka.

"Mama," alisema, macho yake chini, "kama ningekuwa na gari siku ile, angefika."

"Huenda, baba. Lakini si wewe uliyemchelewesha."

Aliinua leso kidogo, akamfunika mtoto miguu iliyokuwa wazi. Akapanda, akawasha, akalisogeza hatua chache. Gari lilikuwa kimya, hakuna kilichogonga, na ukimya huo uliniuma, kwa kuwa sasa halikuwa na sababu ya kubaki. Nilisogea karibu kuliko desturi inavyoruhusu.

"Wanzala," nilisema, "mlete tena anitazame. Hata kama gari linagonga, njooni."