Gari Lililoombewa

Mafuta ya upako yalikataa kutoka. Mvua ya Birmingham ililinyeshea gari la Kwamboka tangu Machi hadi Juni, ikaliosha tope na kinyesi cha njiwa, lakini pale juu ya boneti, mahali mchungaji alipochora msalaba kwa kidole gumba, palibaki doa. Vumbi la Tyseley, mtaa alikofanyia kazi, likatua hapo na kunata, msalaba ukawa mweusi kama masizi. Kila asubuhi kabla ya zamu Kwamboka aliusugua kwa kitambaa huku akiyachungulia madirisha ya majirani, mfano wa mtu anayefuta mate aliyotemewa.

Siku ya maombi yenyewe, nani asiyeikumbuka? Nyumba yake ya Nechells ilifurika watu hadi kwenye ngazi. Mbuzi alichomwa uani mpaka Mwingereza wa nyumba ya pili akaja kuuliza kama kuna moto. Akapewa sahani, akasahau alichokuja kuuliza. Akina mama walilizunguka gari wakiimba. Mchungaji aliinua funguo juu, watu wakapiga vigelegele. Kisha Kwamboka, ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kusema akaikataa, alisimama kizingitini akashuhudia.

"Bwana amenipa gari lisilo na doa! Na kama kuna mtu anatafuta gari, asihangaike na wezi wa mjini. Aende kwa Ivan, Tyseley. Ni Mganda, ni mwenzetu, ana mkono safi."

Watu wakaitikia amina. Ivan mwenyewe alikuwepo, amekaa karibu na sufuria. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mfupa mkononi.

Wiki mbili baadaye, katikati ya mwinuko wa Gravelly Hill, injini ilinguruma kama fahali na gari likagoma kwenda. Honi zikamlilia kutoka nyuma. Likatetemeka, likarudi nyuma kidogo, kisha likashika gia na kuendelea kana kwamba lilikuwa limejikwaa tu. Ikawa ndiyo tabia yake: leo zima, kesho gonjwa. Fundi mmoja wa Digbeth, ambaye Kwamboka alimchagua kwa sababu hakujua neno moja la Kiswahili, alilipima akatikisa kichwa. Giaboksi ilikuwa inakufa tangu kabla hajalinunua, na kuna mtu aliyefuta kumbukumbu za kompyuta ya gari ili taa ya onyo isiwake. Alirudishe upesi, fundi alimshauri. Katika siku thelathini za mwanzo sheria inamruhusu mnunuzi kulikataa gari bovu na kurudishiwa pesa zake zote. Kwamboka alishukuru. Alipofika kwa watu akavaa kicheko chake kama kawaida.

Hakulirudisha. Utarudishaje kitu kilichoombewa? Nani angekwenda kuudai ushuhuda urudi kutoka kwenye masikio ya watu? Na si hilo tu. Mwaka uliotangulia gari la Magdalene, mwimbaji mwenzao wa kwaya, lilivutwa na lori mbele ya kanisa, ibada ikiwa ndiyo kwanza inatoka. Ni Kwamboka aliyembatiza "Mama Lori". Jina lile lilikimbia hadi Coventry. Magdalene alicheka nao mara ya kwanza, akacheka mara ya pili, kisha akahamia kanisa jingine. "Wengine hawajui utani," Kwamboka alisema wakati ule, akamimina chai. Sasa, kila honi zilipolia nyuma yake kilimani, alilisikia jina lile likimtafuta yeye. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya gari, aijuaye aliyeshika usukani.

Alidhani anaijua peke yake. Kumbe Vinubhai naye alikuwa ameinusa.

Vinubhai alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Kisumu aliyezeekea Tyseley, mjane, miguu haimsaidii tena. Kwamboka, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, alikuwa akienda kwake kila siku kumwogesha na kumpikia. Walipendana kwa ugonjwa mmoja: wote wawili hawakuweza kulala njaa ya habari za watu. Mzee alikaa dirishani kutwa, akijua nani ameachwa na nani amepata friji mpya.

"Kwamboka," alimwambia Jumamosi moja kabla hajavua koti, "gari yako inakohoa."

"Ni baridi, mzee."

"Baridi ya Juni?"

"Hapa si Kisumu."

"Hapa si Kisumu, lakini sikio ni lile lile." Akacheka, akagonga mkono wa kiti. "Haya, lete chai. Tusomee ya leo."

Huo ulikuwa mchezo wao. Kwamboka alikuwa ameanza kupekua mtandaoni kwa ajili ya shida yake mwenyewe, akitafuta sheria inasemaje, na njiani akakutana na kurasa ambako wanunuzi wa magari humwaga machungu yao. Alikwenda kutafuta dawa akakuta sherehe. Pale palikuwa na udaku wa nchi nzima, bure, na hakuna aliyemwambia apunguze sauti. Alikuwa akimtafsiria mzee huku akiongeza chumvi pale ilipopungua.

"Huyu wa Wolverhampton aliuziwa gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko. Alipoinua kiti akakuta samaki mdogo, amekauka."

"Samaki! Wa aina gani?"

"Hakusema, mzee."

"Sasa hiyo ni malalamiko gani? Mtu wa Kisumu lazima aseme samaki gani. Endelea."

"Huyu mwingine, kila akipinda kushoto mlango wa nyuma unafunguka. Siku moja mama mkwe wake nusura abaki barabarani."

"Analalamika mlango ulifunguka, au mama mkwe hakubaki?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Mzee alipofuta macho akasema, "Tafuta yule Mganda wako. Tuone amepaka nani pilipili."

Kwamboka alijifanya kuandika jina. Hakuhitaji, simu yenyewe ilikuwa imelizoea, ilimalizia kabla hajafika katikati. Alijua atakachokiona. Hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia Ivan. Sifa tatu tu, mojawapo imejaa nyota na maneno ya Biblia, nayo ilikuwa ya Kwamboka mwenyewe.

"Hakuna kitu, mzee. Ni safi."

Vinubhai aligeukia dirisha. Nje gari lilikuwa limetulia kandokando ya njia, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Na yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Malalamiko yako. Hawa watu wote wamevua nguo, sisi tumekaa tunacheka, tumeshiba. Wewe umevua nini?"

Uso ulimchoma Kwamboka. "Mzee, lile gari limeombewa."

"Hata sisi tunaombea gari. Tunapaka rangi nyekundu, tunavunja nazi. Ikiharibika tunarudisha dukani." Akainua kikombe. "Nazi tunakula."

Alicheka mwenyewe. Kwamboka alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Siku thelathini zilikuwa zimekwisha zamani, lakini alikwisha kusoma na yaliyobaki: ndani ya miezi sita ya kwanza sheria huhesabu kuwa gari lilikuwa bovu tangu siku lilipouzwa, na ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Ivan angepewa nafasi moja ya kulitengeneza. Akishindwa, gari lingerudi kwake. Haki yake ilikuwa bado hai. Ilihitaji tu mdomo wa kuisema, na yeye aliyekuwa na mdomo kwa kila jambo la mwenziwe, kwa hili alikuwa bubu.

Jumapili, baada ya ibada, nyumba ilijaa kama desturi. Viatu vilizagaa mlangoni na watoto wakapigania rimoti. Kwamboka alikuwa akipakua wali Jepchirchir alipoingia jikoni, uso wake unang'aa. Alikuwa muuguzi kijana aliyetoka Iten mwaka uliopita, akifanya zamu za usiku katika hospitali iliyo nje ya mji, kule ambako basi la mwisho hupita mapema. Tangu afike alikuwa kama mwana wa nyumba hii.

"Anti, kesho naenda kwa Ivan! Amenitafutia moja kama lako, pacha kabisa."

Sebuleni walisikia, wakapiga vigelegele. Kipchumba, dereva wa lori ambaye hajawahi kukosa sahani ya pili, akapaza sauti: "Mwambie anitafutie na mimi, lakini lenye miguu mirefu!"

"Umechunguza lakini?" Kwamboka aliuliza, macho kwenye sufuria. "Mtu hanunui gari kwa maneno."

"Nimepekua mtandaoni wiki nzima, anti. Hakuna hata mtu mmoja amemlalamikia. Na ushuhuda wako ninao. Nitake nini tena?"

Kwamboka aliukung'uta mwiko. Alimwona msichana huyu kwenye barabara kuu, gizani, malori yakimjia kwa nyuma, na gia imemwacha. Usafi wa Ivan ulikuwa umetengenezwa na nini, kama si kimya cha watu kama yeye? Alifungua mdomo. Wali ulikuwa ukingoja, watu walikuwa wakingoja, na jina la Magdalene lilikuwa limekaa mahali fulani kati ya viti. Akaufunga.

"Twende kwanza tukalijaribu langu," akasema. "Ujue unachonunua."

Aliona ni njia nzuri. Gari lingejisema lenyewe. Msichana angesikia kwa masikio yake, angeshtuka, naye Kwamboka angeshtuka pamoja naye: "Ala! Limeanza lini hili?" Hakuna ambaye angevuliwa nguo.

Wakapita chini ya madaraja ya barabara kuu yaliyosokotana, wakaushika mwinuko wa Gravelly Hill. Kwamboka alikanyaga mafuta, akajikaza kungoja ule mngurumo.

Gari likapanda kama linavutwa kwa uzi wa hariri.

"Tamu, anti!"

Juu kileleni akageuza, akashuka, akapanda tena. Safari hii alilichokoza: alipunguza mwendo ghafla, akakanyaga, akapunguza. Likaitikia kila alichotaka, likiwa na adabu zote. Mara ya tatu jasho lilimtoka kwapani. Gari lililomuaibisha mbele ya madereva wa mji mzima lilikuwa sasa limeamua kumtunzia heshima. Kwamboka alijikuta anaomba, kimya, midomo ikicheza: Bwana, likwame. Mara moja tu.

Halikukwama. Alipofika juu akaegesha kando ya ukuta wa nyumba moja, akazima injini.

"Gari bovu," akasema.

"Lipi?"

"Hili."

Jepchirchir alicheka kidogo, akimngoja amalizie utani. Kwamboka hakumalizia. Akamweleza yote, ya mwinuko huu na ya fundi wa Digbeth, sauti ikimtoka nyembamba kana kwamba si yake. Alipokwisha, msichana alimgeukia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Wiki iliyopita nilikuuliza, pale jikoni. Ukasema hata baba yangu kule Iten akiliona atauza ng'ombe alinunue."

"Nilisema."

"Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

Kwamboka alipapasa moyoni akitafuta neno la kuchekesha. Siku zote alikuwa nalo moja, hata matangani.

"Tumepanda mara tatu," Jepchirchir alisema polepole. "Ulikuwa unataka gari liniambie. Usiniambie wewe."

Kwamboka akaitika kwa kichwa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: si kwamba msichana amekasirika, bali kwamba ameona mpaka ndani, kama mtu anayeangalia chumba ambacho mwenyewe hakutandika kitanda.

"Mimi kesho siendi," Jepchirchir akasema. "Lakini Kipchumba anataka kwenda. Na Rosine, huyo tuliyemwacha sebuleni, mumewe amekwisha kuongea na Ivan. Wote kwa neno lako, anti. Utawaambia wewe, au niwaambie?"

"Niachie."

"Nikuachie kama vile nilivyokuachia wiki iliyopita?"

Hakumshika mkono. Hakumwambia kwamba si neno. Alifunga tu mkanda wake, akangoja, na Kwamboka akawasha gari, ambalo liliwarudisha Nechells bila hata kikohozi kimoja.

Walipofika, Jepchirchir alitangulia kuingia, akakaa kwenye ngazi bila kuvua koti. Kwamboka alibaki nje kidogo. Kelele za nyumba yake zilimfikia: vijiko, watoto, mtu anayesimulia na wengine wanaomkatiza. Miaka yote hiyo ilikuwa sauti aipendayo kuliko nyimbo. Alisukuma mlango.

"Huyo! Redio imerudi!" Kipchumba alipaza sauti. "Mbona umekauka hivyo? Watu, huyu ana habari. Mimi namjua, akinyamaza hivi ana habari kubwa."

"Ninayo moja," Kwamboka akasema.

Mtoto akanyang'anywa rimoti, televisheni ikazimwa sauti. Viti vikasogezwa. Rosine akaweka sahani sakafuni, akakunja miguu chini yake ili akae vizuri. Nyuso zote zikamgeukia, zimechangamka, kicheko kimekwisha kupanda hadi pembe za midomo kikingoja tu ruhusa. Kwamboka alizitazama moja baada ya nyingine. Yeye ndiye aliyewafundisha uso ule. Hakuwahi kuuona kutoka upande huu.

"Tupe basi, usituue!" Kipchumba alijibana kwenye kochi, akampigapigia mahali pa kukaa. "Ya nani leo?"

Kwamboka hakukaa. "Yangu," akasema.