Mirija Iliyopauka

Miaka kumi na tisa nimepaka rangi vipande vya nyama za watu maabarani, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa kukataa jibu nisiloliamini. Hata la wifi yangu nililikataa.

Wifi, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani mwenye mdomo. Uvimbe wa titi lake ulikuwa saratani, hilo halikuwa na ubishi. Lililobaki ni kujua kama seli zake zina ile protini inayopokea homoni. Ikiwepo, rangi yetu huigeuza kahawia, na mgonjwa hupewa kidonge cha kila siku kinachoinyima saratani homoni inayoikuza. Isipokuwepo, kidonge hicho hakimfai kitu.

Daktari wetu wa hadubini aliandika: hakuna.

"Kile kipande cha kulinganishia, chenye protini hiyo, kimegeuka kahawia vizuri," akaniambia. "Rangi yako haina kosa."

"Rangi haina kosa, daktari. Nyama ndiyo ina kosa. Hebu tazama pembeni, hiyo mirija mizima ya maziwa."

Mirija mizima ya titi, isiyo na saratani, huwa na protini hiyo, japo kidogo, hapa na pale. Ya wifi ilikuwa imepauka yote. Daktari alitazama, akafuta alichoandika.

Nikaenda mbio hadi chumba wanakochukulia vipande. Muuguzi alikiri bila kuzunguka: formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isiharibike, ilikuwa imeisha, kipande kikalala kwenye maji ya chumvi toka Ijumaa hadi Jumatatu. Protini iliharibika kabla hatujaigusa. Nilimpasha, akapashika, kisha nikamletea galoni zima la formalini.

Kazi ikabaki kwa wifi, maana ilibidi achomwe tena ile sindano nene ya kuchukulia kipande. Niliogopa, sikufichi, kwamba angekataa na kubaki bila jibu.

"Wifi, unanionea," alisema. "Kaka yangu nimekupa bure, sasa unataka na titi?"

"Nataka kipande kama punje ya mchele. Linalobaki kaa nalo."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akakubali. Safari hii nilisimama mlangoni na chupa mkononi, na kipande kikaingia kwenye formalini palepale.

Wiki iliyofuata tulikaa wote wawili mbele ya daktari wa saratani.

"Seli tisini kwa mia zina protini," alisema. "Ukishamaliza upasuaji utameza kidonge kila siku kwa miaka mitano. Huenda tukaongeza hadi kumi."

Habari za protini zilimpita wifi. Alinigeukia, akanishika mkono kwa nguvu.

"Amesema miaka kumi? Mimi?"

Nilimkumbatia kwa furaha. Daktari akamjibu badala yangu.

"Wewe, mama. Kwa hiyo usije ukasahau kumeza."