Mpira wa Gofu Juu ya Byabato

Moyoni, Bibi Kokwijuka alikuwa ameshakubali. Rutashobya, kijana aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, alikuwa amekuja Izigo kumposa Vestina, mjukuu wa Bibi. Alisalimia kwa adabu, akala matoke mpaka akaifuta sahani. Kilichosubiriwa ni neno la Bibi tu, maana ndiye aliyemlea binti tangu akinyonya.

Basi Clavery, mshenga aliyekuja naye kutoka Buganguzi, akamchokoza mwenzake atoe lile furushi refu garini. Ikatoka fimbo ya gofu, ndefu kuliko zote zilizomo, kichwa chake kimetuna kama andazi. Kijana akazunguka kibanjani, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akitafuta mahali pa kupigia pasipo migomba mbele. Akaona kijukwaa cha nyasi fupi, laini, kinachotazama bondeni. Akamuuliza Vestina kama hapo panafaa. Vestina akatazama chini, akatabasamu, akasema panafaa.

Bibi alidhani masikio yamemdanganya. Hapo alilala Byabato, mumewe. Hawakumjengea saruji, kwa kuwa mwenyewe aliomba alale chini ya nyasi, na nyasi hizo Bibi alizipunguza kwa mkono wake kila Jumamosi.

Kijana akachomeka kijiti, akapachika mpira, akaanza kueleza. Miguu itanuliwe kidogo kupita mabega. Mpira ukae usawa wa kisigino cha kushoto, na mkono wa kushoto usikunjwe. Nguvu, alisema, haitoki mikononi. Unazungusha mabega mpaka mgongo utazame kule unakopiga, uzito wote unaukalia mguu wa kulia. Halafu kiuno ndicho kinachotangulia kurudi, mabega yanafuata, mikono inakuja mwisho kama mjeledi. Kila alipokaza mguu, kiatu chake chenye meno kilizama, na udongo mwekundu ukafumuka. Bibi akageuza uso kwa kinyaa.

Fimbo ikavuma, mpira ukalia, ukapaa juu ya mibuni ukapotelea bondeni. Clavery akapiga makofi, akasema hata tumbili wa Izigo leo wamehama. Kijana akachomeka kijiti cha pili.

Bibi akamsogelea taratibu. "Mwanangu, shuka hapo. Umemkanyaga babu yake Vestina."

Rutashobya aliruka kama aliyekanyaga makaa. Akavua viatu, akapiga magoti, akawa anarudishia udongo kwa viganja. "Nisamehe waitu, bibi yangu, sikujua."

Bibi akamwinua. Kinyaa hakikumtoka, kilihama tu, kikamwangukia binti aliyesimama pembeni na tabasamu lake.

"Mbona hukumwambia?"

"Bibi, kwao watu wanazikwa makaburini, kwenye marumaru. Nimwambie sisi babu tumemweka uani kama viazi? Niliona aibu."

Bibi akatema mate chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mgeni. Mikono hii ndiyo iliyombeba huyu mgongoni, na babu yake ndiye aliyemmenyea ndizi mbivu.

Akamgeukia kijana, akampangusa udongo magotini, akamwambia mlango wake uko wazi kwake siku yoyote.

"Ila mke sikupi, mwanangu. Huyu atakuacha ukanyage chochote, huku anakuchekea."