Nyasi za Orofa ya Pili

Jumatatu asubuhi, Ann wa usafi alifyeka korido ya orofa ya pili kwa slasha, akazoa majani, kisha akapiga deki kama kawaida. Nyasi zilikuwa zikiota kila mahali Daktari Seleyian alipokanyaga. Zilianza mwaka jana, aliporudi chuoni Kitengela kutoka Kajiado, ambako alikuwa amekaa miaka mingi akipanda mbegu na wafugaji kwenye ardhi iliyobaki vumbi tupu. Kule, ng'ombe walivuka kiangazi. Huku, chuo kilihesabu makala zilizochapishwa, na yeye alikuwa na moja tu.

"Daktari, si uvae gambuti?" Ann alimwambia. "Unanipea kazi."

"Nilijaribu. Zinaota ndani."

Wenzake walikuwa wameacha kunywa chai naye, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unaisha. Ni Wahome wa ofisi ya pili tu aliyemsemesha. Wahome alikuwa na makala nyingi kuhusu mifugo na hakuwa amewahi kuingia boma la mtu.

"Madam, makala zangu ng'ombe hawezi kula," alisema, akaruka nyasi asichafue viatu.

Mchana Seleyian aliitwa mbele ya kamati. Kiti chake kiliwekwa mlangoni ili zulia lisiharibike. Mwenyekiti alikuwa Profesa Isaac, mzaliwa wa Kajiado kama yeye.

"Pointi zako hazitoshi kuongeza mkataba," Isaac alisema. "Uko na kitu ingine?"

Seleyian aliinama, akang'oa nyasi kando ya kiatu chake, akazinyoosha mbele yake. Kwa Wamaasai, anayeshika nyasi hivyo anaomba amani, na hata mtu aliyeinua rungu hulishusha. Isaac alisimama. Alizipokea kwa heshima, na wanakamati wote wakamngoja.

"Mama anakusalimia," alisema kwa sauti ya chini. "Ng'ombe zake ziko sawa."

"Asante. Mwambie nimesikia."

Isaac aliketi, akaziweka nyasi kando ya kompyuta, akaanza kutafuta kwenye skrini mahali pa kuziingiza. Alitafuta kwa muda mrefu, mpaka mmoja wa wanakamati akaangalia saa.

"Hakuna mahali pa nyasi," alisema hatimaye. "Ingekuwa makala kuhusu nyasi, sawa."

Jioni Seleyian alibeba vitabu vyake kwenye gunia, akatembea peke yake hadi nyumbani, ng'ambo ya mji. Nyasi ziliota nyuma yake, kutoka lango la chuo hadi mlangoni kwake. Alipika chai, akatoa vikombe viwili. Alifikiri labda kuna mtu ataiona ile njia, aifuate.

Kulipokucha alifungua mlango. Ng'ombe wa watu walikuwa wamekula njia yote mpaka kizingitini, na ardhi ilikuwa tupu, kana kwamba hakuna mtu aliyepita hapo.