Walisema Nilimulalisha Evode

Bwana yangu Evode aliuawa kwa risasi katika shamba letu la viazi kule Bihambwe, asubuhi, jembe likiwa mukononi. Wote tuliokimbia pamoja tuliisikia risasi ile. Wengine waliwaona hata wanaume wenye bunduki wakishuka kilima bila haraka. Lakini siku ya matanga, huku Walikale tulikokimbilia, hakuna aliyeuliza habari za wanaume wale. Aliyeulizwa ni mimi, Adrienne, mujane wake, na telefone yangu.

Mbele ya vita kutufikia tulikuwa tumefanya karamu ya mavuno katika kiwanja chetu. Watu wa kanisa walikuja, familia ya Evode ilikuja, na telefone yangu ikapita mukono kwa mukono, kila muntu akipiga video anavyotaka. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na chungu, nikigawa maharage, watoto wakipiga kelele pembeni yangu. Jioni telefone ilizimika, na hatujapata bado mahali pa kuijaza umeme, vita ikaja. Njiani mvua iliiharibu kabisa. Ilibaki kadi ndogo ya ndani. Niliifunga katika pindo la kitenge changu na kutembea nayo msitu wote, kwa sababu nilijua sura ya Evode imo.

Papa Sebarenzi, baba mukubwa wa Evode, ndiye mukubwa wa familia. Siku ya matanga aliazima televisheni, tukaweka kadi ile. Nilikaa mbele na watoto wangu, Consolée na mudogo wake Uwitonze. Nilitaka wamuone baba yao.

Wakamuona amelala. Televisheni ilionyesha kila kitu kwa ubavu: nyumba imelala, migomba imelala, na Evode katika shati lake jeupe amelala ubavu, macho wazi. Hajafungua hata kinywa, dada yake Nyiraneza akapiga kelele.

"Yesu! Muangalie kaka yangu! Amelala kama ndani ya sanduku!" Akarukia televisheni, akachomoa waya. "Hii telefone iko ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.

"Njo hivyo! Ulimulalisha angali muzima, na kaburi likasikia!"

"Telefone ni yangu, lakini sikuishika mimi. Nilikuwa kwenye chungu."

"Telefone yako, mukono wako."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Wanawake wa ukoo walivuta vitenge vyao mbali na changu. Nikawaambia: kama nilimulalisha Evode, basi nililalisha na migomba, nikalalisha na mbuzi ya Papa Sebarenzi inayopita pale nyuma, na mbuzi ile ilikimbia nasi mpaka hapa, iko inakula nje. Papa Sebarenzi aliangalia nje, akaikuta mbuzi yake, akarudisha macho ndani kana kwamba sikusema neno.

Halafu akatoa uamuzi. Siku ya kumaliza matanga, mimi sitavuliwa nguo nyeusi, mpaka mambo haya yaeleweke. Na katika familia ile, mujane asiyevuliwa nguo nyeusi na wakwe zake hana neno juu ya watoto. Consolée na Uwitonze wangeenda kukaa kwa shangazi yao Nyiraneza.

Niliomba Mungu anizuie kinywa, na alinizuia. Lakini moyo haukukubali kunyamaza.

Muhindo alikuwa mufanyabiashara wa Butembo, mwenye duka la sabuni na betri hapa Walikale, karibu na barabara kubwa. Nyuma ya duka aliweka studio: pazia la bluu, kiti kimoja kizuri, na ordinateur, mashine ya kutengenezea picha. Nilimupelekea kadi.

"Mama, usisumbuke," akasema baada ya kuangalia. "Huyu hakulalishwa na muntu. Aliyepiga alishika telefone wima, na televisheni yao haikujua. Ninafinya hapa, pameandikwa *pivoter*, ni kugeuza. Anasimama."

Akafinya. Evode akageuka, kichwa chini, miguu juu.

"Papa Muhindo! Ulisema atasimama, sasa anasimama kwa kichwa!"

"Pole, pole, Mama, nimezidisha." Akafinya tena, na tena. Na Evode akasimama. Alisimama kabisa, kama siku ile, migomba nyuma yake ikielekea mbinguni. Sauti ilikuwa bado imezimwa, na mimi sikuangalia kitu kingine ila uso wake.

"Wacha nikutengenezee vizuri," Muhindo akasema. "Urudi Ijumaa. Utafurahi."

Ijumaa nilirudi, akaniketisha kwenye kiti kizuri na kuwasha. Kwanza yalikuja mawingu. Halafu mushumaa ukawaka wenyewe pembeni. Halafu maandishi ya dhahabu: PUMZIKA KWA AMANI. Wimbo wa taratibu ukaanza, na kati ya mawingu akaonekana Evode, kifua na uso tu, mukubwa, akifungua kinywa bila sauti.

"Miguu yake iko wapi?"

"Nimemukuza, Mama. Ukisimamisha picha kama hii, pembeni inabaki nyeusi, huku na huku. Watu watasema Muhindo hajui kazi. Ndiyo maana nimevuta picha ikajaa."

"Na maneno yake?"

"Upepo ulikuwa unaharibu. Nimeweka wimbo, ni wimbo muzuri sana, watu wote wa matanga wanauomba."

Nilisimama. Mwanamke aliyekuja kununua sabuni akachungulia mulangoni, na mimi sikupunguza sauti.

"Papa Muhindo, nilikuomba kitu kimoja: kumusimamisha muntu. Wewe umemukata miguu, umemufunga kinywa, umemuwashia mushumaa. Watu wanasema nilimuua kwa video, na wewe unanitengenezea video ya kaburi! Nani alikuomba mawingu?"

"Mama, mawingu nilikupa bure..."

"Uyatoe bure pia! Na wimbo utoke. Na hiyo nyeusi ya pembeni uiache. Mimi mwenyewe niko ndani ya nyeusi kila siku, sitaiogopa kwenye televisheni."

Muhindo alinuna. Lakini alikuwa muntu muzuri. Alikaa, akaanza kutoa kimoja kimoja. Mawingu yakaenda, mushumaa ukaenda. Picha ikarudi nyembamba, nyeusi pande zote mbili. Miguu ya Evode ikarudi. Na chini kabisa, mahali alipokuwa amekata, kikatokea chungu, na mbele ya chungu mugongo wa mwanamke katika kitenge cha njano, mwiko mukononi.

"Huyu ni nani?" Muhindo akauliza.

"Ni mimi."

Tukaangaliana. Anayepiga video hawezi kuwa ndani ya video akigawa maharage.

Halafu alitoa wimbo, na upepo wa Bihambwe ukaingia ndani ya studio. Evode alikuwa anashukuru Mungu kwa mavuno, pole pole kama kawaida yake, kichwa chini. Na karibu sana, karibu kuliko sauti yake, mwanamke alicheka.

"Kaka, inua uso basi! Unafanana na muntu ameibiwa kuku!"

Sikuhitaji kusikia mara ya pili, lakini Muhindo alirudisha. Ilikuwa sauti ya Nyiraneza.

Kanisani tumefundishwa kwamba ndugu akikukosea, kwanza uende kwake, ninyi wawili tu. Nilikwenda. Mungu anajua sikutaka kwenda. Nilitaka kusimama katikati ya barabara na kupiga kelele mpaka Masisi tulikotoka. Nilimukuta Nyiraneza anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba.

"Mulamu, nimekuja peke yangu. Video imesimama, na sauti yako iko ndani. Wewe njo ulishika telefone."

Mutwangio ulibaki juu kidogo. "Sauti gani?"

"Unamuambia Evode anafanana na muntu aliyeibiwa kuku."

Alishusha mutwangio, akatwanga, akatwanga tena. "Muhindo iko muntu wa mashine. Anaweza kuweka sauti anayotaka."

"Nyiraneza."

"Nasikia alimuwekea na mawingu na mushumaa. Watu wa sabuni wanasema. Bihambwe kulikuwa mushumaa kwenye maharage? Kama anaweza kuweka mushumaa, anaweza kuniweka mimi. Peleka, uone nani atakuamini."

Niliondoka. Kumbe hata mawingu ya bure yalikuwa yamenigeukia. Nilirudi moja kwa moja kwa Muhindo.

"Ulichotengeneza, kifute," nikamuambia. "Kadi yangu iko vile nilivyoileta?"

"Kadi sijaigusa, Mama. Nilifanya kazi kwenye kopi."

"Basi utabeba ordinateur yako mpaka kwenye matanga. Utaweka kadi mbele yao, waone amelala, halafu utamusimamisha mbele ya macho yao."

"Ordinateur yangu kwenye matope yale?"

"Mushumaa wako njo umenifikisha hapa, Papa Muhindo."

Alikuja, siku ile ya kumaliza matanga. Alikuja na ordinateur imefungwa katika blanketi kama mutoto mugonjwa, na jenereta yake nyuma juu ya tshukudu, kigari cha mbao cha kusukuma. Familia yote ilikuwa imekaa. Mimi nilipika tangu asubuhi, kwa maana hata mujane anayeshitakiwa hakosi kupikia wanaomushitaki. Chungu kikubwa kilikuwa kando yangu, kimefunikwa.

Muhindo alimuomba Papa Sebarenzi aweke kadi kwa mukono wake mwenyewe. Picha ikatokea: Evode amelala. Manung'uniko yakaanza. "Mungoje," Muhindo akasema, na akafinya. Kwa hofu alizidisha tena. Evode akaenda kichwa chini, na mama mumoja akafunika macho. Akafinya mara nyingine.

Evode akasimama.

Uwitonze alisema, "Papa." Wote walimuona na viatu vyake, na mbuzi ikipita nyuma kwa miguu yake minne. Wote waliona mugongo wangu na mwiko. Niliinua kona ya kitenge cha njano nilichokuwa nimekifunga kiunoni chini ya nguo nyeusi, ili asiwepo wa kuuliza ni nani. Halafu kikaja kicheko, na sauti: "Kaka, inua uso basi! Unafanana na muntu ameibiwa kuku!" Na Evode akainua uso kweli, akatuangalia, akacheka na dada yake.

Vichwa vyote viligeuka kwa Nyiraneza. Yeye aliangalia mikono yake.

Papa Sebarenzi akakohoa. "Aa, basi," akasema. "Tumeona. Telefone njo ilikosa. Mambo ya mashine ni vile, hayana muntu. Mama Consolée, leta chakula."

Watu wakaanza kupumua, wakaanza kusogeza sahani. Wengine wakacheka kidogo. Hapo njo nilisikia damu inapanda. Mukono ulipokuwa wangu, ulikuwa mukono wa uchawi. Ulipokuwa wa binti yao, ghafla telefone njo ilikosa! Niliweka mwiko juu ya kifuniko cha chungu, na mukono wangu juu ya mwiko.

"Chakula hakitoki," nikasema.

"Unasema nini?"

"Papa, mulinishitaki mbele ya watu. Munisafishe mbele ya watu. Mulisema nilimuua bwana yangu. Mulivuta vitenge vyenu. Mulitaka watoto wangu. Sasa munataka maharage?"

"Mama Consolée, watu wana njaa..."

"Wacha chakula kipoe. Mimi nimekula maneno yenu tangu tulipofika Walikale, hamukuuliza kama yalikuwa ya moto."

Muntu fulani nyuma alisema, "Iko na haki." Papa Sebarenzi alimutafuta kwa macho, hakumupata.

Nyiraneza akasema chini chini, "Niliogopa. Nilipomuona amelala, nilijua ni mimi nilishika. Nikaogopa."

"Uliogopa," nikamujibu, "ukachukua woga wako, ukanivika mimi. Lakini nisikie vizuri. Wewe pia hukumulalisha. Hakuna muntu wa kiwanja hiki aliyemulalisha Evode. Aliyemulalisha alibeba bunduki, na wote humu munajua. Papa Sebarenzi aseme na hilo. Kwa sauti ile aliyotumia kwangu."

Mzee aliangalia upande wa barabara. Watu wenye bunduki hupita hata barabara ile, na tunajifunza kutosema. Niliona hofu yake, na nilimuhurumia, lakini mukono sikuuondoa. Mwishowe alisimama, akashika fimbo yake.

"Mwana wetu Evode aliuawa na watu wenye bunduki," akasema. Akasema tena kwa nguvu zaidi. "Na bunduki. Adrienne hana kosa. Nyiraneza hana kosa ya kifo. Iko na kosa ya mudomo, na mimi pamoja naye. Watoto wanabaki kwa mama yao. Mumuvue nguo nyeusi."

Wanawake wale wale waliovuta vitenge vyao walikuja kunivua. Niliwaacha wafanye. Sikuwashukuru. Chini nilikuwa na kitenge changu cha njano, na Consolée akashika pindo lake.

Muhindo, aliyekuwa amezuia picha isiendelee wakati wa maneno yale, aliuliza kama azime. Nikamuambia awache iendelee, kwa kuwa Evode alikuwa bado anaomba, na sisi hatukuwa tumesema Amina. Tuliinamisha vichwa pamoja naye, nyumba nzima, mpaka alipomaliza. Halafu nilifunua chungu na kuanza kugawa. Nyiraneza alikuja wa mwisho, akanyosha sahani bila kuniangalia usoni. Niliijaza kama za wengine. Sikupunguza, na sikuongeza.