Majibu Mawili ya Maman Eulalie

Daktari Guylain alimwuliza Maman Eulalie kwa Kifaransa kama anakubali kukatwa mguu wa kulia chini ya goti, naye akajibu kwa Kifaransa kwamba anakubali. Hakusita. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi, na Kifaransa chake kilikuwa bado cha darasani. Aliuliza kuhusu dawa ya usingizi, akauliza kidonda cha mtu mwenye sukari huchukua muda gani kupona, kisha akasema, "Afadhali kupoteza mguu kuliko mwili mzima. Hilo halina mjadala."

Mwanawe Polycarpe, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, alishusha pumzi.

Mchana huohuo Bintu, mdogo wake Maman Eulalie, alifika kutoka Mumosho na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Katika familia yao mambo ya ugonjwa, ndoa na shamba husemwa kwa Kimashi. Ndivyo alivyotaka marehemu Papa Gaston, mume wa Maman Eulalie. Kifaransa aliwaachia walimu. Basi Bintu akaketi, akamwuliza dada yake kwa Kimashi kuna habari gani.

Maman Eulalie alivuta kitenge hadi usoni. "Wanataka kunikata mguu. Mimi sikubali. Waniache nife nikiwa mzima."

Polycarpe alidhani hakusikia vizuri.

"Mama, si asubuhi ulimwambia daktari ndiyo?"

"Nilimwambia."

"Kwa hiyo umebadili mawazo."

Mama akafunua uso, akamtazama kama mtoto aliyekosea hesabu nyepesi. "Sijabadili kitu."

Jioni daktari alirudi, akauliza tena kwa Kifaransa, akajibiwa tena ndiyo, kwa sauti ileile tulivu. Polycarpe akamfuata kwenye veranda na kumweleza yaliyotokea mchana.

"Nahitaji jibu moja," alisema daktari. "Na nalihitaji kabla ya Ijumaa. Weusi wa kidonda umeshapita vidole."

"Lakini jibu la kweli ni lipi?"

Daktari alifikiri. Alisema amewahi kusoma kwamba mtu akiamua jambo kwa lugha aliyojifunza shuleni, huenda woga ukapungua. Ile ya nyumbani huja na mambo mengi nyuma yake. "Lakini waliopima walipima woga, hawakupima ukweli," akaongeza. "Mimi mwenyewe ninakata watu kwa Kifaransa. Kwa lugha ya nyumbani sijui kama ningeweza."

Hilo halikumsaidia Polycarpe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji huko Kadutu, na alijifunza peke yake, kwa kubadili kitu kimoja tu kila mara mpaka hitilafu ionekane. Akaona afanye vivyo hivyo. Alimwuliza mama kwa Kimashi wakiwa wawili tu, na mama akakataa. Kwa hiyo si Bintu aliyemtia maneno. Akamwuliza kwa Kifaransa Bintu akiwa hapohapo, na mama akakubali, huku Bintu, asiyejua Kifaransa, akitabasamu kwa adabu. Akauliza kwa Kimashi asubuhi, wakati maumivu yakiwa madogo. Mama akakataa. Alipofungua mdomo kuuliza tena, mama alimzuia kwa mkono.

"Polycarpe, mimi ni friji?"

"Hapana, mama. Natafuta tu..."

"Unatafuta mama atakayekubali."

Ilikuwa kweli. Alimtaka yule mama wa Kifaransa, ambaye angepona. Lakini yule wa Kimashi ndiye aliyemlea, na kumzunguka mtu huyo kwa hila alikuona kama kumwibia. Alilala na mawazo hayo, akaamka nayo, na hayakuwa yamepungua.

Alhamisi daktari alimkuta Bintu kitandani pa mgonjwa akimpaka mafuta mikononi. Kwa kumheshimu mgeni akasalimia kwa Kiswahili, kwa sababu hicho wote wanne walikijua, na baada ya salamu akaendelea nacho bila kufikiri.

"Maman, muguu iko namna gani leo?"

"Iko inanuka, docteur. Ile muguu, mukishaikata, munaitia wapi?"

Daktari akamtazama Polycarpe, kisha akamrudia mgonjwa.

"Tunaizika, maman. Kule nyuma."

"Pamoja na ya nani?"

"Pamoja na... na ya bagonjwa bengine."

"Batu bale sibajue."

Bintu akafyonya. "Muguu ya dada yangu ilale na batu haijue? Hapana, docteur!"

"Munipatie yangu," alisema Maman Eulalie. Sasa alikuwa ameinuka kwa viwiko, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenunua maharagwe sokoni. "Bintu ataipeleka Mumosho, ilale pembeni ya bwana yangu. Mukinipatia, mukate. Mukininyima, muniache nayo."

"Maman, hapa hatunaga ile desturi."

"Hamunaga, ao ni vile hakuna mwenye aliomba?"

Daktari alikuna shingo. "Hakuna mwenye aliomba."

"Basi miye naomba."

"Itabidi niulize kwanza."

"Enda uliza. Miye niko hapa, sitakimbia na hii muguu."

Bintu alicheka mpaka akaziba mdomo. Daktari naye alicheka, akatoka, akakawia. Aliporudi alisema imekubaliwa, mradi mguu ufungwe vizuri na uondoke siku hiyohiyo.

"Basi kesho," alisema Maman Eulalie, akalala chali.

Daktari alipoondoka, Polycarpe alivuta kiti. Alizungumza kwa Kimashi, polepole.

"Mama, kwa nini hukutuambia mapema?"

"Sijui," mama alisema. "Kwa Kifaransa jambo hilo halikunijia kichwani. Kwa Kimashi lilinijia, likakataa kutoka."

"Na kwa Kiswahili?"

"Niache nilale, mwanangu."

Ijumaa walimkata. Bintu aliupokea mguu mlangoni, umefungwa kwa plastiki na juu yake kitenge kipya, akaupakata kwenye gari kama mtoto mchanga, akaondoka nao kwenda Mumosho bila kugeuka. Polycarpe alibaki kumngoja mama aamke.

Aliamka alasiri. Mkono wake ulishuka chini ya shuka, ukapapasa, ukasimama. Machozi yakamtoka.

"Wamekata," alisema kwa Kimashi.

"Ndiyo, mama."

"Nani aliwakubalia?"

"Wewe, mama. Ulikubali mwenyewe."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

Maman Eulalie alikunja uso, akawaza. "Kiswahili ni cha sokoni," alisema.

Polycarpe hakujua kama hiyo ni lawama, au ni dawa ya usingizi inayosema, au ni maelezo. Akamshika mkono.

"Bintu ameufikisha?" mama aliuliza.

"Amepiga simu sasa hivi. Wameuzika pembeni ya papa."

"Upande gani?"

"Upande wa kulia."

"Basi," alisema Maman Eulalie, akafumba macho, na mwanawe akabaki akiutazama uso wake, akijaribu kujua ni yupi kati ya mama wale wa lugha tatu aliyesema basi.