Pedali ya Cherehani

Binti alikuja kwa mama yake Jumamosi baada ya chakula cha mchana, boksi tupu mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua mitambo ya marehemu baba yake. Chuo cha madereva wa treni kilikuwa kimeiomba, wanafunzi waitumie kufanyia mazoezi.

"Mama, una hakika?"

"Chukua. Inakula nafasi bure."

Mama aliyasema hayo akiwa nje ya mlango wa chumba chenye mitambo. Miezi tisa sasa alikuwa hajavuka kizingiti cha chumba kile. Kila siku alifagia mpaka hapo, akageuza ufagio.

Mumewe aliendesha treni miaka thelathini na miwili, na wenzake walimwita Saa Kamili, maana hakuwahi kuwachelewesha abiria. Alipostaafu alikaa wiki mbili tu, mikono ikaanza kumwasha. Akatafuta mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni, ila kuucheza kwa vitufe alikataa katakata. "Treni haiendeshwi kwa kupapasapapasa," alisema. Akaunda kasha la mbao lenye wenzo wa mwendo, wenzo wa breki, vipimo vitatu vya mshale, taa nyekundu na kengele. Chini ya meza akafunga pedali aliyoing'oa kwenye cherehani mbovu ya mkewe.

"Mzee mzima unacheza magari!" mkewe alimtania. "Shuka kituo kinachofuata, uje ule."

"Nitashuka nikifika, mama watoto. Nina abiria huku."

Mara nyingi alimwomba akae pembeni yake amtajie rangi za taa za njiani, naye azirudie, kama alivyofanya na msaidizi wake kazini. Mkewe hakukaa hata siku moja. Kila mara palikuwa na nguo za kuanika, au sala.

Sasa binti aliwasha kompyuta kuijaribu.

"Mama, njoo uone! Treni ya baba ilibaki hapahapa katikati ya njia. Abiria wake bado wamo!"

Akasukuma wenzo, treni ikaanza kwenda. Haikupita dakika, taa nyekundu ikawaka kwenye kasha, kisha kengele ikaanza kulia bila kupumua.

"Hii nini tena? Inazimwaje?"

Mama yake alishika mwimo wa mlango.

"Kanyaga pedali. Kanyaga, mwanangu!"

Kengele ikanyamaza. Binti akacheka. "Kumbe unajua! Na ulivyokuwa unajitia hamnazo."

"Aliniambia. Kila dakika dereva akanyage, treni ijue yuko macho. Asipokanyaga, inalia. Akizidi kukaa kimya, inajifunga breki yenyewe." Akaongeza, "Akasema, ukisikia inalia haikomi, ujue dereva ana shida. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaitikia mmh."

Binti aliachia wenzo.

"Siku ile nilikuwa chumba cha pili, nasali. Ikalia. Nikajua ni michezo yake. Ikaendelea kulia. Nikamwomba Mungu anipe subira na yule mzee."

"Ililia muda gani?"

"Sala nzima. Na niliirefusha, kwa ukaidi."

"Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, hata kama..."

"Daktari hakuwepo. Nilikuwepo mimi."

Taa nyekundu ikawaka tena. Kengele ikalia, na binti akabaki anaitazama tu, mikono mapajani. Ndipo mama yake alipovuka kizingiti. Binti alimwachia kiti, naye akaketi, akanyoosha mguu chini ya meza. Unyayo wake ukakuta mahali pake pa zamani, pale palipolika kwa miaka ya kushona. Akakanyaga.

Kimya.

Binti hakumkumbatia, wala hakumlaumu. Alivuta stuli, akaketi pembeni.

"Kijani," alisema, macho kwenye taa ya njiani.

"Kijani," mama yake akarudia.

Reli zikawajia, na vichaka, na daraja. Kila taa nyekundu ilipowaka kwenye kasha, mama yake aliiwahi kabla kengele haijaanza. Boksi lilibaki tupu mlangoni.

"Njano. Vuta breki taratibu, mama. Kituo kile kule."

"Njano."

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Ilikuwa imewachukua dakika kumi na moja. Haikuhitaji ujuzi wowote, ila kukaa pale na kutaja rangi.